Mbona baiti FF inasomeka -1? Kompyuta inavyoandika namba hasi kwa biti

Swali la msomaji liko hivi: anajifunza Java, ameandika kaprogramu kadogo ka kusoma faili la picha la JPEG, na kila alikosoma ameambiwa faili la JPEG linaanza na baiti mbili, FF alafu D8. Akilifungua faili kwenye programu ya kuonyesha heksa (namba za msingi wa 16, tarakimu moja kwa kila biti nne, kwenye kodi zinaandikwa na 0x mbele) anaziona kabisa FF D8, ila akiziprinti kwenye Java zinatoka -1 na -40, na sharti lake la if (b[0] == 0xFF) halikubali hata mara moja. Anauliza je faili limeharibika? Na kama biti ya kushoto ndo alama ya hasi, si -1 ingetakiwa iwe 10000001, sasa hizi 1 zote nane zimetoka wapi? Na mwisho kabisa, kompyuta inajuaje kuwa namba ni hasi?

Mkuu, nianze na la haraka ili kazi yako isisimame. Faili lako ni zima, halina shida yoyote. FF na -1 ni baiti ileile, biti zilezile nane, 11111111, tofauti iko kwa anayezisoma tu. Programu ya heksa inaisoma baiti kama namba isiyo na alama, kuanzia 0 mpaka 255, na Java aina ya byte inaisoma kama namba yenye alama, kuanzia -128 mpaka 127. Andika if ((b[0] & 0xFF) == 0xFF) na itakubali, kwa nini inakubali ntakuja kuieleza mbele. Ila maswali yako mengine mawili ndo yenye uzito kuliko hili la kwanza, na ukiyaelewa vizuri kuna makosa mengi sana utakuwa unayaona kwenye kodi hata kabla hujairani.

Kitu cha kwanza, na naomba ukishike kabla ya vingine vyote: biti hazina alama. Ndani ya memori hakuna mahali palipoandikwa kajistari ka kutoa. Kuna biti nane, kila moja ni 0 au 1, na ukizipanga kila namna inayowezekana unapata mipangilio 256, haipungui wala haizidi. Ukitaka namba hasi hupewi mipangilio mipya, inabidi ugawe hiyohiyo 256 uliyonayo, mingine uipe maana ya namba chanya na mingine hasi. Kwa hiyo suala zima ni makubaliano, tunagawa vipi, na watu waliotengeneza kompyuta za mwanzo hawakukubaliana, kila mmoja aligawa kivyake.

Njia uliyoiwaza wewe, ya kuchukua biti ya kushoto iwe alama na saba zilizobaki ziwe ukubwa wa namba, si njia ya kijinga hata kidogo. Ilitumika kweli, mashine kama IBM 704 na IBM 7090 za miaka ya 1950 zilikuwa zinaandika namba kwa mtindo huo. Hapo 3 ni 00000011 na -3 ni 10000011, mtu anasoma bila kusumbuka. Shida inakuja ukianza kupiga hesabu. Jumlisha 5 na -3 kwa njia hiyo: 00000101 na 10000011, ukijumlisha biti kwa biti kama ulivyofundishwa unapata 10001000, na hiyo kwa mtindo uleule inasomeka -8. Jibu lilitakiwa liwe 2! Kwa hiyo prosesa haiwezi kujumlisha tu ikaondoka, lazima kwanza iangalie alama za namba zote mbili, zikifanana ijumlishe, zikitofautiana itafute ipi kubwa, itoe ndogo kutoka kwenye kubwa, alafu jibu lipewe alama ya ile kubwa. Inawezekana ndio, lakini hiyo ni saketi ya ziada na muda wa ziada kwenye kitendo ambacho kompyuta inakifanya mara nyingi kuliko karibu vyote. Na juu ya hapo unakuwa na sifuri mbili, 00000000 na 10000000, moja sifuri chanya na nyingine sifuri hasi, sasa kila ukitaka kujua kama kitu ni sifuri inabidi uulize mara mbili.

Wengine wakaja na njia ya kugeuza biti zote, 0 inakuwa 1 na 1 inakuwa 0, inaitwa komplimenti ya moja. Hapo 3 ni 00000011 na -3 ni 11111100. Kompyuta ya PDP-1 ilitumia hii, CDC 6600 ya mwaka 1964 pia, na familia ya UNIVAC 1100. Hesabu hapa inakaribia kukaa sawa, 5 na -3 ukijumlisha unapata 00000001 na kuna 1 imebebwa ikatoka nje upande wa kushoto, ile 1 ukiirudisha na kuijumlisha upande wa kulia unapata 00000010 yaani 2, jibu sahihi. Ila hiyo hatua ya kurudisha inakera, na sifuri bado ni mbili, maana 11111111 nayo ni sifuri. Njia hii haijafa kabisa lakini, ile namba ya kukagua makosa kwenye vichwa vya pakiti za IPv4, ambazo zinapita intaneti muda huuhuu unaposoma, mpaka leo inapigwa kwa hesabu ya komplimenti ya moja.

Sasa tuje kwenye njia iliyoshinda, komplimenti ya mbili. John von Neumann aliipendekeza kwenye ripoti yake ya mwaka 1945 kuhusu mashine ya EDVAC, EDSAC ya Cambridge ikaitumia mwaka 1949, na IBM walivyoiweka kwenye kompyuta zao za System/360 mwaka 1964 mjadala ukawa kama umeisha, maana mashine karibu zote zilizokuja baadae zikafuata. Leo simu, laptopu, seva, vyote ni hii. Lugha ya C++ iliisubiri mpaka toleo la 2020 ndo ikasema rasmi kwamba namba zenye alama ni komplimenti ya mbili na si vinginevyo, na C ikafuata kwenye toleo la C23, kabla ya hapo viwango vyao bado vilikuwa vinaruhusu zile njia za zamani.

Darasani karibu kila mahali wanakwambia hivi: ili kupata namba hasi geuza biti zote alafu jumlisha 1. Ni kweli, lakini mimi naona kuanzia hapo ni kumkosea mwanafunzi, kwa sababu anakariri ufundi ambao haoni umetoka wapi na baada ya mtihani unapotea. Anza na uzito wa nafasi. Kwenye baiti isiyo na alama kila nafasi ina uzito wake, kutoka kushoto ni 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1, unajumlisha uzito wa kila nafasi yenye 1 basi umepata namba. Komplimenti ya mbili inabadilisha kitu kimoja tu: uzito wa nafasi ya kushoto kabisa unakuwa -128 badala ya 128. Zile saba nyingine haziguswi. Imeisha, hiyo ndo tafsiri yenyewe nzima.

Jaribu sasa na baiti zako. FF ni 11111111, yaani -128 na 64 na 32 na 16 na 8 na 4 na 2 na 1. Zile chanya saba jumla yake ni 127, na -128 ukijumlisha na 127 unapata -1. D8 ni 11011000, hapo una -128, 64, 16 na 8, hizo tatu chanya ni 88, kwa hiyo -128 na 88 ni -40. Ndo zile namba Java ilizokuprintia, wala haikukosea. Na ile 10000001 uliyotegemea iwe -1, ukiisoma kwa uzito ni -128 na 1, yaani -127.

Kwa hiyo biti ya kushoto ni kweli inakwambia alama, ikiwa 1 namba ni hasi, maana zile saba hata zikijaa zote zinafika 127 tu na haziwezi kuifuta ile -128. Lakini si alama iliyobandikwa pembeni ya namba, ni tarakimu yenye uzito kama zenzake. Ukiishika hivyo hutachanganyikiwa tena.

Swali linalofuata ni kwa nini hii inafanya hesabu zikae sawa bila kuhangaika. Chukua saa ya ukutani yenye mishale. Mshale uko kwenye 12, ukiurudisha nyuma hatua 3 unakuja kwenye 9, na ukiupeleka mbele hatua 9 unakuja kwenye 9 hiyohiyo. Kwenye duara la 12, kurudi 3 na kwenda 9 ni kitu kimoja, kwa sababu 3 na 9 jumla ni 12 na 12 ni mzunguko mzima. Baiti nayo ni duara, ila lina hatua 256, ukiwa kwenye 255 ukijumlisha 1 unarudi 0 kwa kuwa biti ya tisa haina pa kukaa. Kwa hiyo kurudi hatua 3 ni sawasawa na kwenda mbele hatua 253, na 253 kwa baineri ni 11111101. Isome kwa uzito: -128 na 125, ni -3. Yaani hatukutunga namba hasi kutoka hewani, tumeangalia duara tukasema nusu hii ya mipangilio, ile yenye 1 kushoto, tuihesabu kama kurudi nyuma badala ya kwenda mbele.

Na hapa ndo ile kanuni ya geuza ujumlishe 1 inajieleza yenyewe. Chukua namba yoyote, geuza biti zake zote, alafu ijumlishe na hiyo iliyogeuzwa: kila nafasi itakuwa na 1 moja na 0 moja, kwa hiyo jumla ni 11111111, yaani 255, siku zote bila kujali ulianza na namba gani. Maana yake namba iliyogeuzwa ni 255 kutoa namba yako. Wewe unataka 256 kutoa namba yako, kwa hiyo unaongeza 1. Ndo hivyo tu.

Hebu tuangalie prosesa inavyojumlisha 5 na -3, nafasi kwa nafasi, kutoka kulia. Juu una 00000101, chini una 11111101. Nafasi ya kwanza 1 na 1, andika 0 beba 1. Ya pili 0 na 0 na ile iliyobebwa, andika 1, hakuna cha kubeba. Ya tatu 1 na 1, andika 0 beba 1. Ya nne 0 na 1 na iliyobebwa, andika 0 beba 1, na hivohivo mpaka ya nane, kila moja ni 0 na 1 na iliyobebwa, andika 0 beba 1. Ile 1 ya mwisho inatoka nje ya baiti na inaachwa ipotee. Kilichobaki ni 00000010, yaani 2. Saketi haikuuliza nani hasi nani chanya, haikulinganisha ukubwa, haikurudisha kitu upande wa pili.

Sasa soma hesabu hiyohiyo kama namba zisizo na alama: 5 na 253 ni 258, ondoa 256 ya mzunguko, inabaki 2. Saketi moja imetumikia dunia zote mbili na majibu yote ni sahihi. Hiki ndo kitu kinachonifurahisha kuliko vyote kwenye mada hii nzima, na ndo sababu ya kweli njia hii ikashinda. Kutoa nako kunakuwa bure, A kutoa B ni A kujumlisha B iliyogeuzwa na kuongezwa 1, kwa hiyo mtengenezaji anaweka geti (vijisaketi) za XOR mbele ya saketi ya kujumlisha ili zigeuze biti za B ikihitajika, alafu ile 1 ya kuongeza anaiingiza kwenye tundu la kubeba la nafasi ya kwanza ambalo kwenye kujumlisha kwa kawaida lingekuwa na 0. Hakuna saketi ya kutoa, ni ileile ya kujumlisha.

Basi kompyuta inajuaje namba ni hasi? Haijui. Anayejua ni programu, na anaiambia prosesa kwa kuchagua amri. Kwenye kujumlisha na kutoa hakuna haja ya kuchagua, amri ni moja. Lakini kuna mahali ambapo jibu linategemea unasoma vipi, na hapo prosesa zina amri mbili mbili. Kulinganisha ni mfano mzuri, je 11111111 ni kubwa kuliko 00000001? Kama ni 255 na 1, ndio, kama ni -1 na 1, hapana. Ndo maana prosesa za x86 (kama za Intel na AMD) zina amri ya kuruka inayoitwa JA kwa namba zisizo na alama na nyingine JG kwa zenye alama. Kugawanya nako amri ni mbili. Kuzidisha, kama unataka jibu la upana uleule wa namba ulizoingiza basi biti ni zilezile, ila ukitaka jibu lenye upana mara mbili zinatofautiana. Na kusogeza biti kulia pia: Java ina >> ambayo inajaza kushoto kwa kurudia biti ya alama, na ina >>> ambayo inajaza 0. Ila angalia hapa, -3 >> 1 inatoa -2 wakati -3 / 2 inatoa -1, kwa sababu kusogeza kunakata kwenda chini na kugawanya kwenye Java kunakata kwenda kwenye sifuri, watu wengi wanadhani ni kitu kimoja alafu wanakaa siku nzima wanatafuta kosa.

Wanaoandika C wana mtego wao. Ukilinganisha namba yenye alama ya aina ya int na isiyo na alama ya aina ya unsigned int, ile yenye alama inageuzwa kuwa isiyo na alama kwanza, kwa hiyo -1 < 1u inatoa jibu la uongo (false), maana -1 imeshakuwa 4294967295. Biti hazikubadilika hata moja, usomaji tu ndo umebadilika katikati ya safari.

Turudi kwenye sharti lako sasa. Java ikikutana na byte na int kwenye ulinganisho mmoja inaipanua byte iwe int ya biti 32 kwanza. Inapanuaje? Inairudia biti ya kushoto kujaza nafasi zote mpya. D8, yaani 11011000, inakuwa 1 ishirini na nne mbele alafu 11011000, kwa heksa FFFFFFD8, na bado ni -40. Kwa nini kurudia ile biti kunailinda thamani? Angalia ukipanua kwa biti moja tu, kutoka nane kwenda tisa. Nafasi mpya ya tisa inachukua uzito wa -256, na ile ya nane iliyokuwa -128 sasa inakuwa ya kawaida, 128. Kama zote mbili ni 1, -256 na 128 ni -128, kilekile kilichokuwepo mwanzo. Kama zote ni 0 hakuna kilichoongezeka. Rudia mpaka 32, hesabu ni hiyohiyo.

Kwa hiyo b[0] yako imekuwa int yenye thamani -1, na 0xFF ulivyoiandika kwenye kodi ni int pia, ila thamani yake ni 255. Unaiuliza Java kama -1 ni sawa na 255, inakujibu hapana, na iko sahihi. Ukiweka & 0xFF unafuta zile 1 ishirini na nne zilizojazwa, inabaki biti nane za mwanzo zikiwa na 0 mbele, kwa hiyo FF inasomeka 255 na D8 inasomeka 216. Tangu Java 8 kuna Byte.toUnsignedInt(b) inayofanya kitu hichohicho na inasomeka vizuri zaidi. Na kama mahali pengine kwenye kodi yako kuna if (b > 127), ifute, haitakubali kamwe kwa sababu byte haifiki huko.

Hujauliza kuhusu mipaka, ila lazima niiseme. Mipangilio 256, nusu yake ina 1 kushoto, kwa hiyo hasi ni 128, kuanzia -1 mpaka -128. Nusu nyingine ina 0 kushoto, nayo ni 128, lakini sifuri imekaa huku, kwa hiyo chanya ni 127 tu. Hiyo ndo gharama ya kuwa na sifuri moja, na -128 inabaki haina mwenzake wa upande wa pili. Igeuze uone: 10000000 ukigeuza biti ni 01111111, ongeza 1 unarudi 10000000. Hasi ya -128 ni -128! Kwenye int ni hivohivo kwa -2147483648, na ndo maana Math.abs(Integer.MIN_VALUE), yaani kuondoa alama ya hasi kwenye int ndogo kuliko zote, inakurudishia namba hasi. Mtu anayechukua heshi ya kitu (namba inayokokotolewa kutoka kwenye kitu hicho), anaipitisha kwenye Math.abs ili apate namba ya nafasi kwenye arei, kodi yake itafanya kazi miezi mingi alafu siku moja itagonga namba hiyo na kuanguka. Tumia Math.floorMod badala yake, yenyewe inatoa salio lisilo hasi ukigawanya kwa ukubwa wa arei.

Mipaka ya juu nayo ina hatari yake. 100 na 50 kwenye baiti zinatoa 10010110, ambayo kwa uzito ni -106. Duara limevuka kutoka upande wa chanya likaingia upande wa hasi, tunaita kufurika. Namna ya kugundua ni rahisi: ukijumlisha namba mbili zenye alama moja alafu jibu likaja na alama tofauti, imefurika, na zikiwa na alama tofauti haiwezi kufurika kamwe. Usichanganye na ile 1 inayobebwa kutoka nje, ulishaona kwenye 5 na -3 imetoka na jibu liko sahihi kabisa, prosesa inatunza habari hizo mbili kwenye bendera mbili tofauti (biti zake za ndani za kuweka kumbukumbu). Lugha nazo hazifanani hapa: Java inazunguka kimyakimya, Python inaongeza biti zenyewe kwa hiyo namba zake nzima hazifuriki, Rust ukiwa bado unajaribu kodi inasimamisha programu, na kwenye C kufurika kwa namba yenye alama ni kitu ambacho kiwango hakikutolei ahadi yoyote, kompaila ina ruhusa ya kudhani hakitokei na kufuta hata ukaguzi ulioandika wewe. Hilo halikubadilika hata baada ya C23.

Madhara yake ni ya kweli kabisa. Roketi ya Ariane 5 iliporuka kwa mara ya kwanza tarehe 4 Juni 1996 ililipuka hewani kabla hata dakika haijaisha, kwa sababu namba ya desimali ya biti 64 iligeuzwa kuwa namba nzima yenye alama ya biti 16, ambayo mwisho wake ni 32767, na thamani haikuenea. Kodi hiyo ilitoka kwenye Ariane 4 ambako namba hazikuwahi kufika huko. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa agizo kuhusu ndege za Boeing 787, umeme ukiachwa umewashwa siku 248 mfululizo kihesabu kimoja kinafurika na vidhibiti vya jenereta vinaweza kujizima, na ukipiga hesabu ya namba yenye alama ya biti 32 inayohesabu sekunde kwa vipande vya mia, inajaa baada ya siku 248 na nusu hivi. Na bado tunasubiri tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 kwa saa za UTC, ambapo mifumo inayohesabu sekunde tangu 1970 kwa biti 32 zenye alama itajaa na sekunde inayofuata itasomeka 13 Desemba 1901.

Hata kodi za wataalamu zimeliwa na hili. Mwaka 2006 Joshua Bloch, mmoja wa waliotengeneza maktaba za Java, alieleza kwamba utafutaji wa nusu kwa nusu (binary search) uliokuwa ndani ya Java yenyewe ulikuwa na kosa, ule mstari wa kutafuta katikati, (low + high) / 2, arei ikiwa kubwa sana jumla inafurika na kuwa hasi. Suluhisho mojawapo ni (low + high) >>> 1, na sasa unaweza kuona mwenyewe kwa nini inafanya kazi: jumla imefurika ikisomwa kama yenye alama, lakini biti zake ni sahihi ukizisoma kama zisizo na alama, na >>> inazisoma hivyohivyo.

Kitu cha mwisho kinachohusu kodi yako moja kwa moja. Ukija kusoma faili baiti moja moja kwa read() ya InputStream utaona inarudisha int na si byte, na wanafunzi wengi wanashangaa, wanaigeuza kuwa byte palepale. Usifanye hivyo kabla ya kukagua. read() inarudisha 0 mpaka 255 kwa baiti halisi, na -1 ikimaanisha faili limeisha. Int inazitofautisha bila shida, 255 ni 000000FF na -1 ni FFFFFFFF. Ukiikata iwe byte kwanza zote mbili zinakuwa FF, na kwa kuwa faili la JPEG linaanza na FF, programu yako itasema faili limeisha kabla haijasoma chochote.